Damu au imani? Miungu ya kale na swali la nasaba mjini London

Mnamo mwaka wa 616 au karibu na hapo, Mfalme Saeberht wa Wasaksoni wa Mashariki alifariki dunia. London ulikuwa mji mkubwa wa ufalme wake, na ni katika mji huo ambapo mwaka wa 604 askofu Mellitus, aliyetumwa kutoka Roma, alipewa kanisa la Mtakatifu Paulo. Mfalme alikuwa amebatizwa. Wanawe watatu hawakubatizwa; waliendelea kuiabudu miungu ya babu zao.

Mtawa Beda, aliyekamilisha historia yake mwaka wa 731, anasimulia kwamba wana hao wa mfalme walimwona askofu akiwagawia waumini mkate mweupe wa komunyo. Wakamwuliza kwa nini wao hawapewi mkate aliokuwa akipewa baba yao. Mellitus akawajibu kwamba watapewa endapo watakubali kuoshwa katika maji yale yale aliyooshewa baba yao. Wakakataa. Maji hawakuyahitaji, walisema, ila mkate waliutaka. Askofu aliposhikilia msimamo wake walimfukuza, na hata baadaye alipotaka kurejea, wenyeji wa London hawakumpokea. Waliona afadhali makuhani wao wa zamani.

Kisa hicho ni miongoni mwa visa vya mwanzo kabisa vinavyojulikana kuhusu mlango wa dini mjini London, nani aingie na nani abaki nje. Sharti la Mellitus lilikuwa gumu, lakini mtu yeyote angeweza kulitimiza. Mtoto wa mfalme, mtumwa au mgeni aliyeshuka chombo jana mtoni Thames, wote wangeweza kuoshwa katika maji yale.

Miaka 1,400 baadaye, miungu ya wana wa Saeberht ina wafuasi tena nchini Uingereza. Swali la mlango nalo limerudi, ila sharti lenyewe limebadilika. Baadhi ya makundi yanayoiabudu miungu hiyo hayamwulizi mgeni anaamini nini. Yanamwuliza babu zake walitoka wapi.

Jina lililokuwa tusi

Miungu inayozungumziwa ni ile ya watu wa kaskazini mwa Ulaya: Woden, ambaye Waskandinavia humwita Odin; Thor mwenye nyundo; Tiw, mungu wa vita; na Frigg, mke wa Odin. Kila anayezungumza Kiingereza huitaja miungu hiyo bila kujua, kwani majina ya siku nne za juma, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, yametokana nayo.

Katika Kiswahili, neno mpagani lililetwa na wamisionari, nalo halikuwa jina la heshima. Lilimaanisha mtu asiye na dini, aliye gizani. Huko Uingereza pia hali ilikuwa hivyo kwa karne nyingi. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 20 walijitokeza Waingereza waliolichukua jina hilo na kulivaa kwa fahari. Katika sensa ya mwaka 2011 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 57,000 waliandika kwamba dini yao ni upagani. Kufikia sensa ya 2021 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi watu 74,000. Wale waliojitaja mahsusi kuwa wafuasi wa miungu ya kaskazini ni kundi dogo zaidi; mwaka 2011 hawakufika 2,000.

Kwa hesabu hiyo, huenda msikilizaji akauliza kwa nini ugomvi wa watu wachache kiasi hicho uwe na maana kwa wengine. Jibu ni kwamba swali wanalogombania si lao peke yao. Limeulizwa katika mahekalu ya Waparsi, katika shule za Wayahudi na katika bunge lenyewe la Uingereza, na limewagusa watu wa Afrika Mashariki zaidi ya mara moja.

Wafalme na nasaba ya miungu

Wanaotetea sharti la damu husema kwamba dini hii tangu asili ilikuwa dini ya ukoo. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Wafalme wa Kent, wa Mercia na wa Wessex walikuwa na orodha za nasaba zilizopanda kizazi hadi kizazi mpaka kwa Woden. Wafalme wa Wasaksoni wa Mashariki, waliotawala London, walijinasibisha na mungu mwingine aitwaye Seaxneat.

Hata hivyo, nasaba hizo zilikuwa za wafalme. Kazi yake ilikuwa kuhalalisha kiti cha enzi, na hazikumpangia mkulima nani amtolee mungu sadaka. Isitoshe, ziliendelea kutunzwa na waandishi wa Kikristo, ambao walimgeuza Woden kuwa binadamu wa kale, kisha wakairefusha orodha ya Wessex hadi kwa Nuhu na Adamu. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki hawatalishangaa jambo hilo. Koo zilizotawala Kilwa na miji mingine ya pwani zilijinasibisha na Shirazi, na tarehe za miji hiyo huanza na mwana wa mfalme aliyevuka bahari. Nasaba ya namna hiyo ilieleza nani mtawala na nani raia. Haikuwa sharti la kuingia msikitini.

Damu inapogeuka kuwa cheti

Fikra kwamba mtu wa kawaida athibitishe damu yake ndipo aabudu miungu ya kaskazini haikutoka Uingereza ya kale. Ilizaliwa katika nchi zinazozungumza Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika vuguvugu lililochanganya ushairi wa kale, uzalendo na nadharia za mbari. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwemo mwandishi Guido von List wa Vienna na mchoraji Ludwig Fahrenkrog, ambaye kundi lake la kidini lilidai wanachama wawe wa damu ya Kijerumani.

Kipindi hicho hicho Ujerumani ilikuwa inatawala Tanganyika. Mwaka 1906 utawala wa kikoloni ulipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika koloni hilo, mwaka mmoja baada ya hatua kama hiyo kuchukuliwa katika eneo ambalo leo ni Namibia. Fikra ya damu safi haikubaki katika vitabu vya washairi. Ilikuwa tayari inaandikwa katika faili za serikali.

Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933, cheti cha nasaba kikawa sharti la ajira serikalini, na baadaye la ndoa. Aliyetaka kujiunga na kikosi cha SS alitakiwa kuonyesha nasaba yake hadi mwaka 1800, na afisa hadi 1750. Kuna kinaya katika jambo hili. Ushahidi wa damu hiyo ulipatikana katika madaftari ya ubatizo, yaliyotunzwa na makanisa. Hata yule aliyetaka kurejea kwa Odin alilazimika kwanza kwenda kwa padri kuomba karatasi.

Mmoja wa watu waliosagwa na mfumo huo alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Bayume Mohamed Husen alikuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akahamia Berlin, ambako alifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo mwezi Novemba mwaka 1944.

London, mwaka 1973

Baada ya vita, yeyote aliyemtaja Odin hadharani barani Ulaya alitiliwa shaka. Ilichukua takriban robo karne kabla ya dini hiyo kuibuka upya, na iliibuka karibu kwa wakati mmoja katika nchi tatu tofauti.

Nchini Iceland, mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake walianzisha jumuiya yao mwaka 1972, nayo ikatambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Nchini Marekani, Stephen McNallen alianzisha kundi lake katika miaka hiyo hiyo. Nchini Uingereza, mwaka 1973, John Yeowell na John Gibbs-Bailey waliunda kamati ya kurejesha ibada za Odin, ambayo baadaye ilijulikana kama Odinic Rite. Anwani yake ya barua ilikuwa London. Mwaka 1988 kundi hilo lilisajiliwa kuwa taasisi ya hisani, hatua iliyokuwa ya kwanza nchini humo kwa dini ya miungu wengi ya aina yake.

Yeowell hakutoka katika mazingira yasiyo na siasa. Katika ujana wake alikuwa mwanachama wa chama cha kifashisti cha Oswald Mosley. Kundi aliloliasisi liliielezea dini ya Odin kuwa urithi wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na lilihesabiwa na watafiti miongoni mwa makundi yanayoifungamanisha imani na asili ya mtu.

Mazingira ya London yenyewe wakati huo yanafaa kukumbukwa. Mwezi Machi mwaka 1968, katika muda wa siku chache tu, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza wasiingie nchini humo kwa hiari yao. Sheria hiyo ilimtaka mwenye pasi awe amezaliwa Uingereza, au mzazi wake, au babu au bibi yake. Haikutaja rangi hata mara moja, lakini kila mmoja alielewa ni nani mwenye babu aliyezaliwa Uingereza na ni nani asiye naye. Sheria ya uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, iliendeleza msingi huo huo. Mwezi Desemba mwaka huo wa 1973, Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihitimisha kwamba Waasia wa Afrika Mashariki walitendewa kwa namna ya kuwadhalilisha.

Kwa hiyo mwaka ambao kamati ya Odin iliundwa, dola yenyewe ilikuwa ikiuliza swali la babu katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Itakuwa kosa kuyalaumu makundi madogo ya kidini kana kwamba wao ndio waliolibuni.

Mgawanyiko

Kutoka Marekani, mwaka 1985, McNallen alichapisha makala aliyodai ndani yake kwamba uhusiano wa mtu na miungu hurithiwa pamoja na maumbile yake, kama rangi ya macho. Sayansi ya jenetiki haijathibitisha jambo la namna hiyo. Lakini makala hayo yaliwapa waliotaka sharti la nasaba lugha iliyosikika kuwa ya kisasa.

Mtafiti wa Sweden Mattias Gardell, katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, aliyagawa makundi haya katika mielekeo mitatu: wanaopinga ubaguzi kabisa, wanaosema dini ni ya kabila bila kujitangaza kuwa wabaguzi, na wale ambao kwao miungu ni bendera tu ya siasa za mbari. Mgawanyiko huo ulifika kilele mwaka 2016, baada ya kundi la McNallen, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kung'atuka katika uongozi wake, kutoa tamko lililoonekana kuwafungia mlango watu wasio Wazungu. Mwezi Septemba mwaka huo makundi kadhaa yalitoa Azimio la 127, lililopewa jina kutokana na ubeti wa 127 wa Hávamál, utenzi wa kale wa mawaidha. Zaidi ya makundi 180 kutoka nchi zaidi ya 20 yalitia saini kukata uhusiano na kundi hilo.

Nchini Uingereza, Asatru UK, kundi lililoanzishwa mwaka 2013, limetangaza wazi kwamba mlango wake hauangalii asili ya mtu. Nchini Iceland, ambako mashairi mengi ya miungu hiyo yaliandikwa na kuhifadhiwa, jumuiya iliyoanza na mkulima Beinteinsson imevuka wanachama 5,000, na haimtaki mtu athibitishe ukoo wake.

Hoja ya Afrika

Wanaotetea sharti la nasaba wana hoja moja ambayo wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawawezi kuipita bila kuitazama, kwa sababu Afrika ndiyo mfano wake. Husema hivi: dini za asili za Waafrika na za Wahindi Wekundu wa Marekani ni za watu wao, na hakuna anayewalaumu kwa kuzihifadhi. Kwa nini basi Mzungu alaumiwe akisema miungu ya babu zake ni yake?

Ni kweli kwamba mizimu ya ukoo ni ya ukoo. Mtu hatambiki kwenye makaburi ya wazee wasiomhusu. Lakini ukoo wenyewe, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ulikuwa na njia za kuingilia: ndoa, kulelewa, na undugu wa kuchanjiana, ambapo wageni wawili walionja damu ya kila mmoja wakawa ndugu, na watoto wao vivyo hivyo. Damu ilikuwa kitu ambacho watu waliweza kupeana.

Aidha, dini kubwa za asili za eneo hili zilivuka mipaka ya kabila. Nchini Rwanda, ibada ya Ryangombe iliwakusanya Wahutu, Watutsi na Watwa. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo hayakumwuliza mtu kabila lake. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni walijikuta katika vita vimoja dhidi ya Wajerumani. Zanzibar nako, katika ngoma za pepo, kuna kibuki, pepo wa Madagascar, na pepo wa Kihabeshi kutoka Ethiopia. Pepo hao huja kwa wenyeji wa Unguja wasio na babu Bukini wala Uhabeshi. Kwa imani ya wenyewe, pepo ndiye anayemchagua mtu.

Afrika, basi, haitoi ushahidi unaotakiwa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba jamii iliyonyang'anywa dini yake kwa nguvu ina sababu ya kuwa na tahadhari na wageni. Hiyo ni hoja ya historia na ya madaraka. Haihusu maumbile.

Moto uliotoka Zanzibar

Kuna dini nyingine ya kale mjini London ambayo imeishi na swali hili kwa muda mrefu zaidi. Waparsi, wafuasi wa Zarathustra waliohamia India kutoka Uajemi, walikuwa na jumuiya yao London tangu mwaka 1861. Mmoja wa viongozi wao wa mwanzo, Dadabhai Naoroji, alichaguliwa kuwa mbunge wa Finsbury mwaka 1892.

Mwaka 1908 mahakama ya Bombay ilitoa uamuzi katika kesi iliyotokana na mke Mfaransa wa mfanyabiashara wa ukoo wa Tata, ambaye alikuwa ameingia katika dini hiyo. Majaji walitenganisha mambo mawili: kuwa muumini wa dini ya Zarathustra, na kuwa Mparsi. Mtoto wa baba Mparsi na mama wa nje angeweza kuhesabiwa ndani. Mtoto wa mama Mparsi na baba wa nje hakutajwa. Mwaka 1925 shauri jingine, la Bella, yatima aliyelelewa na familia ya Kiparsi mjini Rangoon na kuingizwa katika dini hiyo, lilifika London mbele ya Baraza la Mfalme, lililokuwa mahakama ya juu ya himaya. Iliamuliwa kwamba hakuwa na haki ya kuingia hekaluni kama Mparsi. Alikuwa amefundishwa dini, lakini hakuwa na nasaba.

Waparsi walikuwepo Zanzibar pia, na hekalu lao la moto lilikuwa Unguja. Kutoka katika jumuiya hiyo ndogo alitoka Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, akahamia London na familia yake mwaka 1964 baada ya mapinduzi, na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki Novemba 1991, mazishi yake mjini London yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake.

Jumuiya hiyo inatoa funzo kwa pande zote mbili. Sharti la nasaba liliwasaidia watu wachache kuihifadhi dini yao kwa zaidi ya miaka elfu moja ughaibuni. Sharti hilo hilo limechangia kupungua kwa idadi yao, na limewaacha nje watoto wa mabinti zao.

Mahakama yaamua

Sheria ya Uingereza ililazimika kulijibu swali hili kwa ukamilifu mwaka 2009, katika kesi iliyohusu shule ya Kiyahudi ya JFS, iliyoanzishwa London mwaka 1732. Shule hiyo, ikifuata maelekezo ya ofisi ya Rabi Mkuu, ilimkataa mvulana ambaye mama yake alikuwa ameingia dini ya Kiyahudi kwa utaratibu usiotambuliwa na ofisi hiyo. Mvulana na baba yake walikuwa wakishiriki ibada. Kwa sharti lile lile, mtoto wa mama mwenye nasaba ya Kiyahudi asiyeamini chochote angepokelewa.

Mahakama ya Juu ilikuwa imefungua milango yake mwezi Oktoba mwaka huo tu. Majaji tisa waliisikiliza kesi, na tarehe 16 Desemba walitoa uamuzi. Watano dhidi ya wanne walisema kwamba kumpima mtoto kwa nasaba ya mama yake ni kumbagua moja kwa moja kwa asili ya kikabila, hata kama nia ni ya kidini. Majaji walisisitiza kwamba hawakuwa wanamtuhumu mtu yeyote kuwa na chuki ya mbari, na kwamba nia njema haibadilishi msingi wa sharti lenyewe. Baada ya hapo shule za Kiyahudi zilianza kuangalia matendo, kama vile kuhudhuria sinagogi.

Uamuzi huo ulisimama juu ya mwingine wa mwaka 1983, ambapo mvulana wa Kisikh aliyekataliwa shuleni Birmingham kwa sababu ya kilemba chake alishinda baada ya majaji kukubali kwamba Masingasinga ni kabila pamoja na kuwa waumini wa dini.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ilichora mstari ambao wengi hawaujui. Chama kinaweza kuundwa kwa ajili ya watu wa asili moja au taifa moja. Bila ruhusa hiyo, vyama vingi vya Wasomali, Wakongo na Watanzania mjini London vingekuwa mashakani. Lakini hakuna chama kinachoruhusiwa kuwabagua wanachama kwa rangi ya ngozi. Dini nazo zimepewa nafasi ya kuchagua wanachama kwa msingi wa imani. Nafasi hiyo haikutanuliwa hadi kwenye mbari. Kundi linalosema "weupe tu" limevuka mstari. Linalosema "wenye asili yetu" linasimama karibu nao sana, na ndiyo maana lugha ya makundi haya imekuwa ya tahadhari kadiri miaka inavyopita.

Makaburi yanasema nini

Sheria ikiwa imesema yake, sayansi nayo imesema. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa jenetiki wa mifupa ya watu 442 wa enzi ya Maharamia wa Kaskazini. Visiwani Orkney, kaskazini mwa Scotland, walikuta wanaume waliozikwa kwa panga na taratibu zote za Waskandinavia, ilhali damu yao ilikuwa ya wenyeji wa visiwa hivyo. Waliishi na kuzikwa kwa desturi ya Kaskazini bila kuwa na mababu wa huko.

Kusini mashariki mwa London, katika makaburi ya Updown huko Kent, wanaakiolojia walifukua mabaki ya msichana wa umri wa takriban miaka 11 aliyezikwa katika karne ya 7, karibu na kizazi cha wana wa Saeberht. Alizikwa na chungu, kisu, kijiko na kitana cha mfupa, katika makaburi walimolala jamaa zake wa upande wa mama. Uchunguzi uliochapishwa katika miaka ya karibuni umeonyesha kwamba upande wa baba yake alikuwa na asili ya Afrika Magharibi, pengine babu au bibi. Hakuna kilichomtenga na wengine kaburini.

Wakati msichana huyo anazaliwa, wafalme wa Kent walikuwa bado wanazihesabu nasaba zao hadi kwa Woden. Haijulikani kama alifundishwa sala za Mellitus au tambiko za makuhani wa zamani, au zote mbili, kama walivyofanya wengi wa kizazi chake. Linalojulikana ni kwamba jamaa zake walimhesabu kuwa wao, wakamchimbia kaburi mahali pao, na kumwekea kitana chake.

Wanaodai leo kurejesha dini ya watu hao, kama ilivyokuwa, wanaweza kulitumia kaburi hilo kama kipimo. Watu walioiishi dini hiyo walikuwa na watumwa, walikuwa na vita, na hawakuwa malaika. Lakini cheti cha damu hawakuwa nacho. Hicho kilikuja zaidi ya karne kumi na mbili baadaye, baada ya watawala kuanza kuandika nani anaweza kumwoa nani mjini Dar es Salaam.